Kadi Mbili, Fremu Moja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hao hao wakageuka wakasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndugu msomaji, ukiulizwa ushike lipi kati ya hayo mawili, usikimbilie kujibu. Uliza kwanza ni kazi gani inayofanywa na hao wawili. Maana ziko kazi zinazogawanyika, na ziko kazi zisizogawanyika hata uzikate kwa shoka. Mimi jambo hilo sikulipata darasani (shule yenyewe niliishia kidato cha nne), nimelipata ndani ya boksi la chuma lenye feni sita, katika chumba cha biashara pale Ngamiani, Tanga.

Boksi lenyewe ni kompyuta ya kuchezea gemu. Kaka yangu, ambaye anaendesha gari la maji huko Muscat, alikuja nayo likizo mwezi Desemba 2023, imeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Haikuwa mashine ya kiwandani. Iliundwa kipande kwa kipande na duka moja la vitu vilivyotumika huko Ruwi, na ilimla kaka mishahara ya miezi miwili na ushei. Sifa yake kubwa, ambayo aliirudia kwa kila jirani aliyekuja kutusalimia, ni kwamba ina kadi za picha mbili. "Wenzenu wana moja," alikuwa akisema huku akiupigapiga ubavu wake wa kioo, "hii ina mbili."

Kwa asiyejua, kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona wakati wa mchezo, picha moja baada ya nyingine, sitini au zaidi kwa kila sekunde. Picha moja huitwa fremu. Kwetu hapa chumba cha duka nacho huitwa fremu, kwa hiyo nitakapoandika kodi ya fremu ujue nimeondoka kwenye kioo nimekwenda kwa mwenye nyumba.

Mipango ilikuwa hivi. Kaka alilipa kodi ya fremu miezi sita, akarudi Muscat Januari 2024. Mimi nikabaki na mashine. Watoto wa mtaa walipe kwa saa, na ikifika mwezi wa saba mashine ijilipie kodi yenyewe, na juu yake itoe ada ya mdogo wetu wa kike. Usiku, nikishafunga mlango, nilikuwa huru kuitumia kuandika riwaya yangu, ambayo hadi leo ina sura kumi na moja na haina mwisho. Lakini hayo si ya hapa.

Februari ikaanza kuumwa.

Ugonjwa wake ulikuwa na sura mbili. Siku nyingine mtoto yuko katikati ya mchezo, kioo kinakuwa cheusi, sekunde kadhaa, halafu mchezo umefungwa na yeye anatazama picha ya mezani kama mtu aliyeshushwa basi porini. Siku nyingine mashine nzima inakata, kimya, kisha inajiwasha upya yenyewe. Mtoto anageuka: "Bro, hela yangu." Ukirudisha hela mara tatu kwa siku, ile si biashara tena, ni sadaka.

Mafundi walikuja. Mmoja akasema ni virusi. Wa pili akasema Windows imechoka, iwekwe mpya. Ikawekwa mpya, akalipwa, jioni ikazima. Sina ubaya nao, ila niligundua kwamba mafundi wengi hutibu ugonjwa wanaoujua, si ule ulionao wewe.

Basi nikakamata daftari, lile lile la riwaya, nikaligeuza nikaanza nyuma. Nikajiwekea sharti moja: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika saa na kilichotokea. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo mashine ikapona, umeponya usichokijua, na kesho ikiugua tena utaanza alfajiri.

Kumbe Windows yenyewe huandika shajara. Kila tukio lina namba yake. Nilipoifungua nikakuta namba mbili zinajirudia: 41 na 4101. Namba 41 maana yake mashine imewaka bila kuwa ilizimwa kwa utaratibu, yaani mara nyingi umeme umekatika ghafla, wa nje au wa ndani. Namba 4101 ni jambo jingine kabisa. Windows huisubiri kadi ya picha ijibu, na kwa kawaida haisubiri zaidi ya sekunde mbili, kadi ikikaa kimya, Windows huiamsha kwa nguvu kwa kuianzisha upya draiva yake (si dereva wa daladala, ni ile programu inayosema na kadi), kisha huandika 4101. Nikalinganisha na daftari langu. Kila kioo kilipokuwa cheusi, 4101. Kila mashine ilipokata, 41. Hayakuwa maradhi mamoja yenye sura mbili, bali maradhi mawili yaliyolala kitanda kimoja. Ndiyo maana kila fundi alipata ushahidi wa jambo lake.

Nikachomoa kadi ya chini, nikaacha ya juu peke yake. Saa mbili za mchezo, salama. Nikatoa ya juu, nikaweka ya chini mahali pake: dakika ishirini, 4101. Nikairudisha kwenye sloti yake ya chini, peke yake: 4101 tena. Kwa hiyo sloti hazina kosa. Kadi ile imefuata na ugonjwa wake. Niliipeleka mlangoni penye mwanga. Kwenye ule ukingo wa meno ya dhahabu unaoingia kwenye ubao, meno machache yalikuwa na ukungu wa kijani. Chumvi. Sijui aliipata Muscat au kwetu, miji yote miwili inanuka bahari. Nikachukua kifutio cha penseli, nikasugua taratibu, nikapangusa kwa spiriti, nikaacha ikauka. Draiva nayo nikaing'oa yote na kuiweka upya, isije ikabaki mizizi. Kadi ikacheza saa tatu bila neno.

Nikazirudisha zote mbili. Sikumaliza robo saa, 41.

Hapo sikuhitaji tena kifutio, nilihitaji hesabu. Kadi hizi ni GTX 970, za mwaka 2014, na kila moja imepimwa wati 145. Mbili ni 290. Prosesa yake, Core i7 ya mwaka huo huo, ni wati 88. Jumla 378, bado hujahesabu feni na diski. Nikaitoa pawa saplai nikasoma karatasi yake ubavuni. Kwa herufi kubwa: wati 500. Kwa herufi ndogo, pale chini ambapo hakuna anayesoma: njia ya volti 12, ampia 28. Kadi na prosesa hula karibu chakula chao chote kutoka njia hiyo ya volti 12. Zidisha 12 kwa 28. Ni 336. Mashine inadai 378, inapewa 336. Wati nyingine zilizotajwa kwenye karatasi zilikuwa za njia ambazo kadi hazizigusi.

Kuna zaidi. Kila kadi inataka plagi mbili za umeme za pini sita. Pawa saplai ilikuwa nazo mbili tu kwa jumla. Duka lile la Ruwi likaziunga za kadi ya pili kwa kuazima umeme kutoka nyaya za diski, kwa viunganishi vya bei ya chapati. Nilipozigusa baada ya mchezo zilikuwa za moto. Yaani aliyeiunda aliona kabisa kwamba mashine haitoshi, akaitosheleza kwa macho ya mteja.

Nilikaa na hesabu ile siku nne kabla sijamwambia kaka. Si kwa kuogopa. Nilikuwa natafuta maneno. Mwishowe nikamtumia picha ya karatasi ya pawa saplai nikazungushia mstari wa chini. Akanyamaza siku nzima, kisha akatuma hela. Shilingi 140,000, tukapata Kariakoo ya wati 750, iliyotumika lakini yenye plagi nne halali, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti. Namba 41 ikatoweka kwenye shajara.

Ukitaka kusema hadithi imeisha hapa, hata mimi nilitaka hivyo. Ramadhani ilikuwa imeanza, Machi 2024, vijana wanakuja baada ya tarawehe wanakaa mpaka karibu na daku. Mashine haizimi. Ila vijana wakaanza kulalamika jambo ambalo sikuwa na namba yake: "Inakwamakwama."

Nikaangalia namba za pembeni ya kioo. Kadi moja ilinipa fremu kama 55 kwa sekunde kwenye mchezo mmoja wa magari na uhalifu wa mwaka 2015. Mbili zikanipa zaidi ya 80. Namba imepanda, jicho limeshuka. Kijana mmoja, anayeuza mihogo mchana, akaniambia kadi moja ilikuwa laini zaidi. Nikadhani anabahatisha. Nikawa nawasha na kuzima ule ushirikiano wa kadi bila kumwambia, kwenye mipangilio kuna mahali pake. Akapatia mara tano kati ya tano.

Kwanza nikalaumu joto. Kadi zimekaa ghorofa, ya chini inapumulia ya juu, na mwezi wa tatu Tanga ukuta wenyewe unatoa jasho. Ya juu ilifika nyuzi 80 na kidogo, ya chini 68. Kadi ikifika huko hupunguza mwendo kujiokoa. Nikafungua ubavu, nikaelekeza feni ya mezani. Joto likashuka. Kukwama kukabaki.

Ilinibidi nisome zinavyogawana kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashine ilikuwa nzima na haikuwa na dawa.

Zamani waligawana mistari. Mwaka 1998, kabla sijazaliwa, kampuni ya 3dfx ya California ilitoa kadi iitwayo Voodoo2, ukiziunga mbili moja inachora mistari ya witiri ya kioo na nyingine ya shufwa. Waliuita mpango huo SLI. Kampuni ikaanguka, mali zake zikanunuliwa na NVIDIA, na mwaka 2004 NVIDIA ikalirudisha jina lile lile SLI likiwa na maana nyingine. Mwaka uliofuata washindani wao ATI wakaleta CrossFire. Sasa njia iliyotumika zaidi haikuwa tena kugawana mistari, bali kupokezana fremu: kadi ya kwanza inachora fremu ya kwanza, ya pili inachora ya pili, ya kwanza ya tatu, kwa zamu, kama watwanga wawili kwenye kinu kimoja.

Umewahi kuwasikia watwanga wawili wazuri? Tu-tu-tu-tu. Sasa wasikie wawili ambao mmoja anawahi: tutu — tutu — tutu. Idadi ya mapigo kwa dakika ni ile ile, lakini mdundo umevunjika. Ndicho kilichokuwa kikitokea. Chukua fremu mbili ndani ya milisekunde 33. Mashine itaandika kwa fahari fremu 60 kwa sekunde. Lakini kama moja imetoka baada ya milisekunde 5 na nyingine baada ya 28, jicho haliioni ile ya 5, linaingoja ile ya 28, na kwa jicho hizo ni kama fremu 36. Namba inahesabu mapigo. Muuza mihogo anasikia mdundo.

Na hiyo ni kwenye michezo iliyozijali kadi mbili. Kila mchezo ulihitaji maelekezo yake maalumu ndani ya draiva ili kadi zijue kupokezana. Pale kwenye mchezo wa mpira ambao vijana ndio wanaoulilia, kadi ya pili ilikaa nyuzi 40, haina habari, kama mgeni wa harusi aliyekosea nyumba. Hiyo, kwa faida ya mwenye mashine kama yangu, ni njia rahisi kuliko zote ya kupima: usiulize mipangilio kama kadi ya pili inafanya kazi, angalia joto lake.

Sababu ya ndani zaidi ndiyo iliyonigusa mimi kama mtu anayejaribu kuandika. Michezo ya miaka ya karibuni, ili kulainisha picha, huichukua fremu iliyopita na kuitumia kuchora inayofuata. Sasa kadi ya pili itachoraje fremu ya pili wakati ya kwanza bado iko mkononi mwa mwenzake? Lazima ingoje ikabidhiwe, na kungoja huko kunameza faida yote. Tulipokuwa kidato cha tatu mimi na rafiki yangu tuliwahi kuandika hadithi kwa zamu kwenye daftari mbili ili tuende haraka: mimi sura ya tano usiku, yeye ya sita usiku huo huo. Asubuhi tukakuta kwenye sura yangu mjomba amefariki na kuzikwa, na kwenye yake anakunywa chai na maandazi. Tulicheka tukaacha. Kumbe wahandisi wa California walikuwa wanapambana na mjomba yule yule.

Wao pia wakaacha. Tangu DirectX 12 ya mwaka 2015, mzigo wa kuzipanga kadi ulielekea zaidi kwa watengenezaji wa michezo wenyewe, na ni wachache waliojitwika. Mwaka 2020, katika kadi za NVIDIA za RTX 30, ni RTX 3090 peke yake iliyobaki na mahali pa kuunganishia mwenzake. Kuanzia Januari 2021 maelekezo mapya ya SLI kwenye draiva yakasimama. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 mahali penyewe hapapo. Kaka alinunua Desemba 2023.

Na memori. Duka lilimwambia kadi moja ina gigabaiti nne, mbili zina nane. Hesabu ya kikapu cha machungwa. Kwenye kupokezana, kila kadi lazima ishike nakala ya vitu vyote vinavyochorwa, kila ukuta na kila gari. Kwa hiyo nne na nne inabaki nne.

Sasa mwambie hayo mtu aliyekesha kwenye barabara za jangwa na tangi la maji mgongoni.

Nilimpigia Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Nikaanza kwa kumsalimia vizuri, nikamuuliza afya, joto, wenzake wa chumbani. Akashtuka. "Dogo, sema. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, kaka. Ni kuhusu mashine. Nataka nitoe kadi moja."

"Utoe uipeleke wapi?"

Nikamweleza. Fremu, watwanga, joto, memori. Alisikiliza kimya, nikasikia kiyoyozi chake kinavuma. Kisha akasema, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira: "Nimekuletea ng'ombe wawili. Unaniambia mmoja hana maziwa."

"Wote wana maziwa, kaka. Ila huwezi kuwakamua kwenye chupa moja."

Hapo nikamweleza lile nililokuwa nimelilalia wiki nzima. Ile pawa saplai ya kwanza haikuwa mbovu, ilibebeshwa. Ampia zake 28 zinatosha kabisa kadi moja na prosesa ndogo. Inayo plagi mbili za pini sita, na kadi moja inataka mbili. Tukipata kompyuta ya mezani iliyotumika, isiwe zile nyembamba za ofisi ambazo plagi za umeme ni za kwao wenyewe, tutakuwa na mashine mbili, vioo viwili, na watoto wawili wanaolipa kwa saa ile ile moja. Kadi mbili kwenye boksi moja zilituletea mteja mmoja anayelalamika.

"Ina maana yule jamaa aliniuzia mashine mbili kwenye boksi moja," akasema baada ya kitambo.

"Bila kujua."

"Alijua," akasema kaka. "Akanicheka."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nadhani alijua.

Kompyuta ya pili tuliipata wiki ya Idi, Aprili 2024, kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la kuchapisha. Prosesa yake ni ya wati 65. Niliweka ndani pawa saplai ya zamani, nikavitupa vile viunganishi vya bei ya chapati, nikapachika kadi ile ya meno ya kijani. Ikawaka mara ya kwanza. Mashine ya kwanza, iliyobaki na kadi moja, ikawa baridi na kimya hivi kwamba mama aliuliza kama imekufa. Muuza mihogo akacheza dakika kumi, akasema, "Sasa sawa." Shajara ya Windows kwenye mashine zote mbili ilipita mwezi mzima bila 41 wala 4101, isipokuwa 41 moja ambayo ilikuwa LUKU imeisha. Mwezi wa saba kodi ya fremu ililipwa pale pale kwenye meza, kwa noti za elfu mbili mbili na sarafu nyingi. Mwenye nyumba akazihesabu mara mbili. Ada ya mdogo wetu ilitoka nusu, nusu nyingine kaka.

Kikabaki kile kidude kidogo kilichokuwa kimeziunga kadi kwa juu, urefu wa kidole, wanakiita daraja. Nilimuuliza kaka nikiuze au nikitupe, maana hakina kazi tena. Akasema nisikiuze.

"Na kwenye hiyo mashine ya pili," akaongeza, "umeweka kadi ipi? Ya juu au ya chini?"

"Ya chini. Ile iliyokuwa na kutu."

"Andika jina langu hapo."

Nikaliandika ubavuni kwa peni ya wino mzito, herufi kubwa. Watoto wanadhani ndilo jina la mashine, na wakiingia wanaligombania.